Kwa Nini Bao la Meza Hupasuka Wakati wa Kiangazi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda bara kwa Barabara ya Morogoro, afikapo Kibaha, huona kando ya njia, tangu Maili Moja hadi Mlandizi, vitanda, makabati, milango na meza zilizopangwa mbele ya karakana za maseremala. Mjini Kisarawe, juu ya vilima vya Pugu, kazi ni hiyo hiyo, ingawa karakana ni chache zaidi. Samani hizo hununuliwa na watu binafsi, na nyingine huishia katika shule, zahanati na ofisi. Zikiwa mpya zote huonekana imara. Tofauti hudhihirika baada ya masika moja na kiangazi kimoja kupita juu yake.

Mwandishi wa makala haya alipata kuiona meza ya namna hiyo katika chumba cha walimu cha shule moja ya sekondari wilayani Kisarawe. Ilikuwa ya mtiki, urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 90, nayo ilikuwa na ufa ulioanzia kichwani na kuingia ndani kiasi cha nusu ya urefu wake. Shilingi ingeweza kupita katika ufa huo. Walimu walisimulia kwamba ulitokea usiku mmoja wa mwezi Septemba kwa kishindo kikubwa hata mlinzi akachukua tochi na kuzunguka madirisha yote akidhani mwizi ameingia. Baadaye ulizuka ubishi. Wengine walisema gundi ilikuwa hafifu. Wengine walisema mbao zilikuwa mbichi. Fundi, kwa upande wake, aliwashutumu waliokuwa na desturi ya kuikalia meza. Hakuna aliyeutilia shaka ubao mmoja mwembamba uliobandikwa kwa gundi na kukazwa kwa parafujo katika kila kichwa cha meza, ili kuipendezesha na kuizuia isipinde. Hata hivyo, huo ndio uliokuwa mkosaji, na katika makala haya tutajaribu kueleza kosa lake na namna ya kulirekebisha.

Mtungi na maji yake

Tuanze na maji. Mti uliokatwa leo umejaa maji, na katika aina nyingi za miti uzito wa maji hayo hukaribia au hata kuzidi uzito wa mti mkavu wenyewe. Unyevu wa ubao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji yaliyomo na uzito wa ubao huo ukiwa mkavu kabisa. Mathalani, kipande chenye uzito wa gramu 60, kikikaushwa hadi kisipungue tena na kubaki gramu 50, kilikuwa na gramu 10 za maji. Basi unyevu wake ulikuwa asilimia 20.

Maji hayo hukaa mahali pawili. Mfano mzuri ni mtungi wa udongo. Kuna maji yaliyomo ndani ya mtungi, na kuna maji kidogo yaliyonyonywa na udongo wa mtungi wenyewe, ndiyo maana mtungi hutoa jasho. Seli za mti ni mfano wa mitungi midogo mno, mirefu na myembamba, iliyopangwa kwa kufuata urefu wa shina. Ubao unapoanza kukauka, maji ya ndani ya mitungi ndiyo hutoka kwanza. Wakati huo ubao hupungua uzito, lakini haupungui ukubwa. Unyevu ukishuka hadi kufikia takriban asilimia 28 au 30, mitungi inakuwa mitupu, na sasa maji yaliyomo katika kuta ndiyo huanza kutoka. Hapo ndipo ubao huanza kusinyaa.

Jambo hili huwadanganya wengi. Mtu hupima upana wa ubao uliotoka msumenoni, akaupima tena baada ya wiki, akaona haujabadilika, akahitimisha kwamba ubao huo ni mtulivu. Kwa kweli ubao haujaanza kazi yake.

Kuta za seli zimejengwa hasa kwa selulosi, ambayo hukaa kama nyuzi ndogo mno zilizofungwa pamoja mfano wa matita ya fito. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo huelekea karibu sawa na urefu wa shina. Maji yanapoingia ukutani hupenya kati ya fito na fito, yakazisukuma zitengane. Yanapotoka, fito husogeleana tena. Mtu akimwagia maji tita la fito zenye kunyonya, tita litanenepa, lakini halitarefuka. Vivyo hivyo ubao: kutoka ubichi hadi ukavu kamili hupungua urefu kwa asilimia 0.1 hadi 0.2 tu, kiasi ambacho seremala hana haja ya kukijali. Upana ni jambo jingine kabisa.

Na hata katika upana ziko njia mbili. Tukikitazama kichwa cha gogo tunaona, katika miti mingi, pete zinazozunguka kiini. Mti husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete kuliko kwa kufuata mstari utokao kiini kwenda gome. Aghalabu tofauti ni kama mara mbili. Kwa hiyo ubao uliopasuliwa bapa, ambao pete zake zimelala sambamba na uso wake, hucheza sana katika upana, tena hujikunja mfano wa kigae, kingo zake zikinyanyuka kuuacha upande wa kiini. Ubao uliopasuliwa kwa kuelekea kiini, ambao pete zake zimesimama wima, hucheza nusu ya hapo na hubaki umenyooka. Mafundi wa zamani waliujua ubao huo kwa kuutazama kichwani tu, kabla ya kuuliza bei.

Hewa na ubao

Baada ya kukaushwa, ubao hauachi kunywa na kutoa maji. Hufanya hivyo maisha yake yote, ukifuata unyevuanga wa mahali ulipo. Katika joto la nyuzi 27 za Selsiasi, ubao uliokaa muda mrefu katika hewa yenye unyevuanga wa asilimia 80 hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 16. Unyevuanga ukiwa asilimia 65, ubao hutulia karibu na 12. Ukiwa asilimia 50, hutulia karibu na 9. Vanishi na rangi hazikomeshi mwendo huu, huuchelewesha tu. Meza iliyopakwa vanishi juu na kuachwa tupu chini ina hatari ya pekee, kwa sababu upande mmoja hunywa upesi kuliko mwingine, na bao zima hupinda.

Kibaha na Kisarawe zipo karibu na Bahari ya Hindi, na hewa yake kwa sehemu kubwa ya mwaka ni nzito. Wakati wa masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei, nguo hukawia kukauka, droo hukwama na milango hugoma kufungwa. Kiangazi cha katikati ya mwaka kikifika, droo zile zile huteleza. Kwa meza iliyo ndani ya nyumba katika maeneo hayo ni busara kukadiria kwamba unyevu wa ubao utapanda na kushuka kwa asilimia 3 au 4 katika mwaka.

Hapa inafaa tuonye juu ya jambo moja. Vitabu vingi vya useremala tunavyovitumia viliandikwa Ulaya na Marekani, ambako wakati wa baridi nyumba hupashwa moto na hewa ya ndani hukauka mno. Vitabu hivyo hushauri mbao za samani zikaushwe hadi asilimia 6 au 8. Kwa watu wa huko ni ushauri wa haki. Lakini meza iliyokaushwa hivyo ikiletwa Kibaha itaanza kunywa maji siku hiyo hiyo, nayo itavimba mpaka ifike mahali pa kutulia. Mbao za meza ya Pwani zafaa ziwe na unyevu wa karibu asilimia 13 hadi 15 siku zinapoungwa.

Kinyume chake hutokea pale meza ya Pwani inaposafiri. Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2016 kutekeleza kwa vitendo uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma, watu wengi wamehamisha makazi na samani zao kutoka pwani kwenda huko. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu ambacho hewa yake ya mchana ni kavu sana. Meza iliyotoka Kibaha na unyevu wa asilimia 15 yaweza kushuka huko hadi 9. Tofauti hiyo ya asilimia 6 ni kubwa kuliko ile ambayo meza ingeipata Kibaha kwa mwaka mzima, nayo huja katika msimu mmoja.

Hesabu ya sentimita 90

Sasa tuipigie hesabu meza yetu. Kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayoongezeka au kupungua, ubao wa mtiki (au msaji, kwa jina lake jingine) uliopasuliwa bapa hubadilika upana kwa takriban asilimia 0.19. Bao la meza lenye upana wa milimita 900 litabadilika basi kwa milimita 1.7 kwa kila asilimia 1. Unyevu ukibadilika kwa asilimia 4, bao litabadilika kwa karibu milimita 7. Likipelekwa Dodoma na kupoteza asilimia 6, litapungua sentimita 1 nzima. Kama mtiki huo ungepasuliwa kwa kuelekea kiini, kiasi chake kingekuwa asilimia 0.10 tu, na mabadiliko ya hapa Pwani yangekuwa chini ya milimita 4.

Mbao za msindano, zinazoteremka kwa malori kutoka Mufindi na Njombe, hucheza zaidi ya mtiki. Nyingi zinakaribia asilimia 0.25 kwa kila asilimia 1 ya unyevu zikiwa zimepasuliwa bapa. Bao la upana ule ule litacheza milimita 9.

Na mninga? Mninga ndio mti unaofafanua kwa nini tatizo hili linaonekana kuwa jipya. Huo ni miongoni mwa miti mitulivu kuliko yote inayojulikana na maseremala duniani. Hucheza takriban nusu ya mtiki. Katika bao la sentimita 90 mchezo wake ni milimita 3 au 4, yaani chini ya milimita 2 kwa kila upande. Kiasi hicho kidogo chaweza kumezwa na msumari uliopinda kidogo au kiungo kilicholegea. Kwa miaka mingi, basi, mafundi wetu waligongomea ubao kichwani mwa meza ya mninga, wakaupaka gundi toka pembe hadi pembe, na meza haikupasuka. Kosa lilikuwapo, lakini mninga ulilisamehe.

Siku hizi mninga umeadimika na bei yake imepanda. Ni mti unaokua polepole, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Misitu ya asili iliyobaki jirani na Kisarawe, kama vile Pugu na Kazimzumbwi, ni hifadhi. Si mahali pa kutafuta mbao. Kwa hiyo fundi wa leo hutumia mtiki wa mashambani, mara nyingi uliovunwa ukiwa mchanga, au msindano. Anaufuata utaratibu aliofundishwa na mwalimu wake, neno kwa neno, ila mti umebadilika. Mwalimu wake alifanikiwa kwa utaratibu huo, naye anashindwa nao, kisha analaumiwa kwa uzembe ambao hakuufanya.

Ubao wa kichwa

Ubao unaowekwa kukingama kichwani mwa meza tutauita hapa ubao wa kichwa. Kazi yake ni ya maana. Mbao nne au tano zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa na tabia yake ya kujikunja, zahitaji kitu cha kuzishika zibaki katika uso mmoja. Ubao unaokingama hufanya hivyo kwa sababu ni mgumu kupinda kwa urefu wake. Tena hufunika vichwa vya mbao, ambavyo hunywa maji upesi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Tatizo ni kwamba nyuzi za ubao wa kichwa huelekea upande mmoja, na nyuzi za bao la meza upande mwingine. Urefu wa ubao wa kichwa umelala juu ya upana wa meza. Urefu haubadiliki, upana hubadilika. Kiangazi kikifika, bao linataka kupungua milimita 7, lakini limefungwa kwa gundi kwenye kitu kisichopungua hata milimita 1. Gundi nyeupe ya kisasa ikitumiwa vizuri ni imara kuliko mti wenyewe, hivyo haitaachia. Kinachoachia ni mti, tena pale ulipo dhaifu. Kila aliyepata kupasua kuni anajua ni wapi: shoka huingia kwa urahisi likifuata nyuzi. Bao linavutwa pande zote mbili kukingama nyuzi zake mpaka linachanika kwa kufuata nyuzi, na kishindo chake ndicho alichokisikia yule mlinzi. Masika ikiwa ndiyo inayokuja, bao huvimba badala ya kusinyaa, nalo huupinda ubao wa kichwa au huinuka katikati.

Kiungo kilicho sahihi kinapaswa kushika kwa upande mmoja na kuachia kwa upande mwingine. Kilishike bao lisiinuke wala kushuka. Kiliache liende kushoto na kulia. Jambo hili fundi wetu analijua tayari, ingawa huenda hajui kwamba analijua. Atengenezapo mlango wa paneli, huichonga fremu mfereji, akaichomeka paneli ndani yake bila gundi, na kuiachia nafasi kidogo pembeni. Ukimwuliza sababu atajibu kwamba paneli isipopumua itapasuka. Ajabu ni kwamba fundi huyo huyo, akigeukia meza iliyo kando ya mlango, huipaka gundi yote.

Utaratibu wake ni kama ufuatao. Tuseme bao lina unene wa sentimita 3. Katika kila kichwa chake huchongwa ulimi wenye unene wa sentimita 1, yaani theluthi ya unene wa bao, unaotokeza kiasi cha sentimita 1 kwa upana wote wa meza. Kutoka katika ulimi huo mfupi huachwa ndimi tatu ndefu, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 8 hivi na kutokeza sentimita 5: mmoja katikati na mmoja karibu na kila pembe. Meza pana sana yaweza kuwa na tano. Ubao wa kichwa, wenye upana wa sentimita 9 au 10, huchongwa mfereji wa kupokea ulimi mfupi, na matundu matatu ya kupokea ndimi ndefu.

Tundu la katikati liubane ulimi wake barabara. Matundu ya pembeni yawe mapana kuliko ndimi zake, na upana wa ziada ndio ile hesabu tuliyoifanya. Bao likicheza milimita 7 kwa jumla na limeshikwa katikati, kila upande utakwenda nusu yake, yaani milimita 3.5. Fundi mwenye busara ataacha milimita 5. Meza ikijulikana kuwa itakwenda Dodoma, aache milimita 7 au 8. Nafasi hiyo iwe upande gani wa ulimi? Hapa wengi hukosea. Ikiwa kazi inafanyika kiangazi, na mbao zimekauka, bao litavimba baadaye na ndimi za pembeni zitakwenda nje. Nafasi iwe upande wa nje. Ikiwa inafanyika katikati ya masika, ndimi zitarudi ndani. Nafasi iwe upande wa ndani. Asiye na hakika aache pande zote mbili, maana ndani ya ubao hakuna atakayeiona. Kama mfereji hautokezi kwenye ncha za ubao wa kichwa, ulimi mfupi nao ukatwe pembezoni kwa kiasi hicho hicho, vinginevyo utagonga ukuta bao likivimba.

Gundi ipakwe katikati tu, kwenye ulimi mrefu wa kati na sentimita chache kandokando yake. Ndimi za pembeni zisipakwe hata tone. Hizo hushikwa kwa vijiti vya mti mgumu, vyenye kipenyo cha milimita 8, vinavyopigwa kutoka upande wa chini kupita katika ubao wa kichwa na katika ulimi. Tundu la kijiti katika ulimi wa kati huwa la mviringo. Katika ndimi za pembeni hurefushwa kwa kufuata upana wa meza, ili kijiti kisimame mahali pake na ulimi uteleze. Kijiti kikihitaji gundi, tone moja litiwe mwisho wake, linaposhika ubao wa kichwa, lisiufikie ulimi. Fundi hodari huyatoboa matundu ya ndimi yakiwa yamesogea chini ya milimita 1 kuelekea kwenye bao. Kijiti kikipigwa huuvuta ubao wa kichwa ukabana kwenye bega la ulimi bila msaada wa gundi.

Kazi hiyo yote ni bure endapo bao litagongomewa kwenye fremu ya miguu. Mbao za fremu zinazokingama nazo hazipungui urefu. Bao lifungwe kwa vijibao vidogo vilivyokazwa chini yake kwa parafujo, ambavyo ndimi zao zimechomekwa katika mfereji uliochongwa upande wa ndani wa fremu, ili viteleze ndani yake. Shule isiyokuwa na fedha za viungo vya namna hii yaweza kufanya jambo rahisi zaidi: kuacha kabisa ubao wa kichwa, na kukaza mbao mbili zinazokingama chini ya meza kwa parafujo zilizopitishwa katika matundu yaliyorefushwa, isipokuwa parafujo ya katikati. Meza hiyo haitapendeza kama ile nyingine, lakini haitapasuka.

Jaribio la darasani

Mwalimu wa fizikia au baiolojia anaweza kulifanya somo hili lionekane kwa macho. Aombe karakana ya jirani imkatie kipande kutoka kichwani mwa ubao mpana uliopasuliwa bapa: upana wa sentimita 20, na urefu wa sentimita 1 tu kwa kufuata nyuzi. Kwa kuwa ni kifupi, kipande hicho hunywa na kutoa maji haraka, hivyo hakuna haja ya kungoja msimu. Kitumbukizwe ndani ya maji siku mbili au tatu, kisha kipimwe uzito, na upana wake upimwe kati ya alama mbili za penseli. Kiachwe kivulini kikauke, na vipimo vichukuliwe asubuhi na jioni. Mwishowe kiwekwe katika tanuri la maabara kwenye nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usipungue tena. Kisikaushwe juu ya moto, kwa maana kikiungua hesabu yote itapotea.

Wanafunzi wakishaupata uzito mkavu, waweza kurudi nyuma na kukokotoa unyevu wa kila siku, kisha wachore grafu ya upana dhidi ya unyevu. Wataona mstari unaopanda kutoka sifuri, kisha unaolala karibu na asilimia 28 au 30. Pale unapojipinda ndipo mtungi ulipokuwa mtupu na kuta zikaanza kukauka. Kutokana na mwinamo wa mstari kabla ya pindo hilo watapata kiasi cha mchezo wa ubao huo kwa kila asilimia 1, nao wanaweza kukilinganisha na 0.19 ya mtiki tuliyoitaja. Kundi moja likitumia mtiki, jingine msindano, na jingine mabaki ya mninga, darasa litakuwa na jedwali lake lenyewe, lenye thamani kuliko lolote la kunakili, na karakana iliyowapa vipande itafurahi kupewa nakala.

Katika Kibaha, wazo la kuunganisha darasa na karakana si geni. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, limeziweka shule za sekondari na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi katika eneo moja. Mwanafunzi anayejifunza kupima kwa kalipa ya vernia na kijana anayejifunza kutumia randa waweza kuipima meza moja.

Limebaki lalamiko moja ambalo fundi aliyefuata utaratibu huu atalisikia. Meza ikikabidhiwa Septemba, ncha za ubao wa kichwa zikiwa sawa kabisa na kingo za bao, mteja atarudi Aprili na kusema kwamba kingo zimetokeza milimita 3 kila upande, na kwamba kazi ni mbovu. Fundi asichukue randa. Akizilinganisha kingo hizo katika masika, mwezi wa Septemba ubao wa kichwa ndio utakaotokeza, na hapo hakutakuwa na mbao ya kurudishia. Afadhali siku ya kukabidhi meza aigeuze, aandike kwa penseli upande wa chini tarehe na upana wa bao kwa milimita, kisha mteja akirudi wapime pamoja.